Ni Mimi Niliyefuta Ng'ombe, Si Stima

Ni mimi. Tuanzie hapo, ili mwenye haraka aende zake akijua. Si stima, si virusi, si uchawi wa ng'ambo ya mpaka kama mlivyokuwa mkinong'ona pale kwa muuza chai. Rejista ya ng'ombe wa chama chetu niliifuta mimi, kwa vidole vyangu hivi, saa tisa mchana, nimeshiba na sijaumwa na kitu.

Na sijaja hapa kulia. Nimeshalia, machozi yakaisha. Nimekuja kusema ilivyokuwa kwa sababu kuna mwanamke aliyeumia kwa kosa langu, na mpaka leo kuna watu wanamcheka yeye badala ya kunicheka mimi. Hilo ndilo sikubali.

Mimi ni karani wa chama cha wafugaji upande wa Ogwedhi, huku Uriri inakokwisha na Narok inakoanza. Jina langu halitakusaidia. Nilizaliwa Homa Bay, nikaolewa huku, kompyuta nikasomea Migori mjini, na cheti changu mama mkwe alikitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Kila mgeni lazima aonyeshwe.

Kwa mtu asiyejua kwetu: ng'ombe huku hutembea. Leo yuko bomani kwako, kesho unakuta ua umevunjwa, keshokutwa unamkuta mnadani ameshikwa kamba na mtu usiyemjua, anakuapia kwamba huyu ni wake tangu ndama. Zamani mlibishana mpaka rungu zikatoka.

Ndiyo chama kikaamua kila ng'ombe aandikwe kwenye kompyuta. Rangi yake, pembe zake, alama ya chuma pajani, mkato wa sikio, jina la mwenyewe, na picha ya mwenyewe amesimama na mnyama wake. Kukiwa na ubishi, mnakuja ofisini. Naandika jina, picha inatokea, kelele inakwisha.

Yawa, nilijisikia! Wanaume wazima, rungu mkononi, wamenyamaza kimya wanangoja mimi nibonyeze!

Nilijisikia hadi nikaishawishi kamati kwamba vile vitabu vya zamani vya kuandikia kwa kalamu ni uchafu. Nikampa mama wa mandazi afungie wateja. Mnada mzima ukala mandazi yaliyofungwa kwa ng'ombe wa baba zao, na mimi nikiangalia nacheka. Usimcheke mama wa mandazi. Nicheke mimi.

Sasa nikwambie habari ya huyu mwanamke.

Tunamwita Nyar Magunga, kwa sababu kwao ni Magunga, kule Suba, karibu na mbuga. Aliolewa huku akaja na mikono yake miwili tu. Miaka mingi alikuwa akishuka Muhuru Bay kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani, anaanika, anauza mpaka Awendo. Kutoka kwa omena hiyo alinunua ng'ombe watatu. Mmoja wa rangi ya majivu mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jicho, na mitamba miwili myekundu.

Siku moja mume wake alikuja naye ofisini. Ni marehemu sasa, Mungu amlaze. Akasema, "Madam, andika hizi ng'ombe tatu. Jina la mwenyewe, andika ya mama watoto."

Ofisi ilijaa watu siku hiyo, na wote wakacheka. Mmoja akauliza, "Kwani ng'ombe ya mwanamke inakamuliwa wapi?" Mume hakugeuka hata. Akasema, "Ni za omena yake. Mimi nilikuwa nalala yeye akiwa anaanika. Andika, madam." Akaweka kidole gumba kwenye mashine ya alama. Nikawapiga picha nje wote wawili, ng'ombe katikati, mume amecheka meno yote, mke anaangalia chini.

Katika rejista nzima hapakuwa na picha niliyoipenda kama ile. Hata wageni nilikuwa nawaonyesha.

Niliwapa kadi ya karatasi pia, ya kuonyesha ng'ombe ni za nani. Lakini mume alipofariki, siku ya matanga shemeji mtu, ndugu wa marehemu, aliingia ndani akachukua sanduku la karatasi zote za marehemu, ati azitunze kwa niaba ya ukoo. Kadi ikaenda na sanduku. Haukupita mwezi, akaja kuwachukua na ng'ombe wote watatu. Akasema mali ya ndugu yake haiwezi kukaa mikononi mwa mtu wa kuja.

Nyar Magunga hakupigana. Aliwaambia wazee wa ukoo, "Mniwekee siku. Ng'ombe zangu ziko kwa kompyuta." Wazee wakaweka siku. Alikuwa na uhakika kabisa yule mama! Alikuwa na uhakika kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kompyuta haisahau.

Turudi kwenye ujinga wangu.

Fundi aliyetutengenezea programu anakaa Migori mjini. Alipoiweka aliniambia kwamba mashine itajinakili yenyewe kila siku saa kumi jioni. Lakini nakala hiyo inakaa ndani ya mashine hiyohiyo, kwa hiyo si ya kuitegemea peke yake. Ndiyo akanipa diski ndogo ya nje. "Kila Ijumaa jioni chomeka hii, toa nakala, nenda nayo nyumbani. Ofisi ikiungua, ng'ombe wako salama kwako."

Ijumaa jioni! Mimi ni Msabato. Ijumaa jioni Msabato anachota maji, anapika cha kesho, anaogesha watoto, anakimbizana na jua kabla Sabato haijaingia. Ningemwambia tu, "Ndugu, tuweke Jumatano." Sentensi moja! Sikusema. Niliona haya, nikaogopa ataniona naanza kazi kwa masharti ya dini. Nikaitikia sawa, sawa.

Basi kila Ijumaa nilifunga ofisi saa nane nikisema nakala nitaitoa Jumapili. Jumapili nina shamba. Jumatatu kuna foleni ya watu. Na wasiosali siku yangu wasianze kucheka hapo. Sabato haina kosa. Mungu hakunituma nimwitikie fundi jambo ambalo najua sitalifanya.

Na diski je? Ilikaa kabatini na nakala moja tu, niliyoitoa siku chache baada ya kumwandika Nyar Magunga. Moja! Halafu kwaya yetu ikaenda kambi, wakarekodi video, wakakosa pa kuziweka. Nikajitokeza mbele. "Mimi nina diski kubwa ofisini, haina kazi." Nikaisafisha ikawa nyeupe, nikaijaza nyimbo. Kanisa likanipigia makofi.

Kuna jingine. Fundi alichoka kusafiri kuja Ogwedhi kila nikikwama, akaniachia paswadi yake mwenyewe, ile inayofungua kila mlango. Akasema niitumie nikikwama tu. Mimi nikaitumia kila siku, maana ilinifanya nijione fundi. Yeye naye ana lake hapo, lakini hili ungamo ni langu. La kwake aandike mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Daktari wa mifugo alikuwa anakuja kesho yake na chanjo, akataka orodha ya ng'ombe walio hai. Kiangazi kilikuwa kimeua wengi, na nilikuwa nimeshawawekea alama kwenye rejista kwamba wamekufa. Ilibaki kuwaondoa.

Njia halali ilikuwa kumwondoa mmoja mmoja, na kila mmoja programu inakuuliza kama una uhakika. Nikasema, nani ana muda huo? Nikaingia na paswadi ya fundi ili niwafute wote kwa amri moja. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mbili.

Amri yenyewe ni sentensi yenye vipande viwili. Kipande cha kwanza kinasema: futa ng'ombe. Cha pili kinasema: wale waliokufa tu. Nilipomaliza kipande cha kwanza simu ikalia. Mwenyekiti. "Madam, orodha iko tayari?" Nikasema, "Inatoka sasa hivi, mwenyekiti," na kidole kikabonyeza.

Kompyuta haikupiga kelele. Haikutoa moshi. Iliandika mstari mmoja mfupi kwamba imetii.

Nilitaka kuwaondoa waliokufa, nikawaua wote! Ng'ombe wa Wajaluo, wa Wakuria, wa Wamasai, ndume, mitamba, ndama wa juzi. Nikaandika jina la mwenyekiti, hakuna kitu. Nikaandika jina la mume wangu, hakuna. Nikaandika Nyar Magunga, nikaona kioo cheupe.

Wuololo, mama yangu!

Sasa sikiliza upumbavu ulio mkubwa kuliko huo. Nakala ya ndani ya mashine ilikuwa bado nzima. Nilipomaliza kutafuta majina ilikuwa saa tisa na nusu, na kujinakili ni saa kumi. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kuchomoa waya! Nusu saa ya kumpigia fundi! Mimi nilifanya nini? Nilifumba macho nikaomba.

Nilipofumbua, kile kitaa kidogo cha kijani kilikuwa kinapepesa. Mashine ilikuwa imechukua rejista tupu ikaiweka juu ya nakala nzima, kwa utiifu kabisa, kama ilivyofundishwa. Mungu alikuwa amenipa nusu saa, nami nikaitumia kumwomba anipe muda.

Jioni hiyo stima ilipotea ikarudi, ikapotea ikarudi, kama kawaida yetu. Mwenyekiti akapiga simu kuuliza orodha. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mwenyekiti, stima imechoma kompyuta."

Ilikuwa rahisi hivyo. Alinipa pole! Akasema hata friji ya dada yake ilikufa hivyohivyo. Huku kwetu ukiisingizia stima, hakuna mtu wa kuitetea.

Ningenyamaza tu, ingekuwa afadhali. Lakini mwongo ana bidii. Kesho yake nikaiweka programu upya. Nikaanza kupigia wanachama simu mmoja mmoja, niandike tena ng'ombe wao kabla mtu hajagundua rejista nzima imekwenda. Siku tisa nilichapa kwa siri kwenye mashine niliyosema imeungua. Vidole vilivimba. Wengine waliniambia ukweli, wengine waliongeza ng'ombe wawili watatu juu. Ningewapinga kwa kitu gani?

Siku ya nne Nyar Magunga alikuja. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na mkononi alikuwa na mfuko wa omena kavu aliyoniletea.

"Nyaminwa," akaniita, dada yake kabisa. "Nipigie ile picha kwa karatasi. Ile yangu na marehemu baba Akinyi. Wazee wanakaa wiki ijayo."

Nikamwambia stima imechoma.

Akauliza, "Imechoma zote ama yangu tu?"

Nikasema zote. Akatikisa kichwa pole pole, akaweka ule mfuko wa omena mezani, akasema, "Basi pole na kazi, nyaminwa." Akaondoka! Alinipa pole, yule mama! Omena hiyo sikuila. Ilikaa pale mpaka paka wa jirani akaipata.

Siku ya tisa mwenyekiti akamleta fundi aone kama mashine itatengenezeka ama tununue nyingine. Fundi akaifungua mgongo, akainusa, akaangalia ndani na tochi ya simu. Akamwomba mwenyekiti amletee soda. Mwenyekiti alipotoka akanigeukia.

"Madam, hii mashine haijaungua. Haina hata harufu."

Akabonyeza bonyeza, akanigeuzia kioo. Mashine huweka kumbukumbu ya amri ulizoipa, mimi sikujua. Amri yangu ilikuwa pale, kipande kimoja bila cha pili, na saa yake kando. Nilitamani sakafu ipasuke.

Hakunigombeza. Ni afadhali angenigombeza! Alisema, "Ungeniambia siku ile ile, ningesema zima, chomoa, usiguse kitu mpaka nije. Kitu kikifutwa hakiondoki palepale, alama zake zinabaki ndani. Ningezifuata, na pengine ningevipata vingi. Lakini wewe umeweka programu upya, umeandika siku tisa juu yake. Ni kama kwato za ng'ombe aliyeibwa. Zilikuwa kwenye matope, na wewe umepitisha kundi lingine juu."

Mtu wa Ogwedhi huhitaji kumweleza kwato mara mbili. Tunajua mfuatiliaji anafika asubuhi na mapema kabla njia haijakanyagwa. Nilielewa papo hapo kwamba kidole changu kiliwafuta ng'ombe, lakini ulimi wangu ndio uliwazika.

Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nikiisema hiyo methali kwa wengine tangu niolewe!

Fundi akaniambia atamwambia mwenyekiti kwamba mashine iko sawa sasa, yaliyopotea yamepotea, yaishe. Alikuwa ananihurumia, na paswadi yake pia anaihurumia. Mwenyekiti naye nilipomwambia ukweli mchana huohuo, alishika kichwa, akasema, "Basi nyamaza, madam. Watu wameshakubali ni stima. Ukisema ni wewe, chama kitavunjika."

Kila mtu alitaka ninyamaze! Na mimi ninayependa kunyamazishwa kama ninavyopenda kuumwa na meno, nikaenda kwa kikao cha ukoo.

Walikuwa wamekaa uani kwa shemeji mtu, viti vya plastiki, ng'ombe watatu wamefungwa pale pembeni kila mtu awaone. Yule wa majivu mwenye pembe iliyopinda alikuwa anacheua tu. Nyar Magunga alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Aliponiona akasogea kidogo kunipa nafasi.

Sikukaa. Nikasema, "Wazee, mimi ndiye karani. Stima haikuchoma kitu. Mimi nilifuta rejista kwa uzembe wangu, halafu nikadanganya. Lakini kabla ya kufuta, hawa ng'ombe watatu niliwaandika mimi mwenyewe kwa jina la huyu mama. Marehemu alisimama mbele yangu akaweka kidole. Akasema ni za omena yake. Niko tayari kuapa."

Nilidhani nimeshinda. Nilidhani ukweli ukisemwa kwa sauti unatosha.

Shemeji mtu akainuka pole pole, anatabasamu. "Madam, wiki jana mwenyekiti alisema ulimwambia ni stima. Sio?"

"Ndiyo."

"Na huyu shemeji yangu ulimwambia ni stima?"

"Ndiyo."

"Leo unasema ni wewe. Wazee, sasa tumuamini yule wa wiki jana ama huyu wa leo?"

Wakacheka. Yawa, walicheka! Mwingine akapaza sauti, "Muulizeni kesho itakuwa nani!" Na mzee aliyeongoza kikao, mtu mzuri tu, hana ubaya, akafuta macho akasema, "Binti yangu, umekuja na maneno, na maneno yako yamevunjika mguu. Ng'ombe zitakaa hapa hadi karatasi ipatikane."

Karatasi haitapatikana. Kadi iko kwa shemeji mtu, naye haitoi, na ya kompyuta haipo. Mimi najua, maana mimi ndiye niliyehakikisha.

Hilo ndilo lililonigharimu, na ndilo nililokuja kuwaambia. Sikupoteza rejista peke yake. Nilipoteza neno langu, siku ileile mtu mwingine alipokuwa anamhitaji mwenye neno. Nilisimama na ukweli mtupu mikononi, na ukweli ukakataa kunitambua.

Tulitoka, mimi na Nyar Magunga, mpaka barabarani. Halafu akasema, "Angalau picha uliiona. Hata wakikataa, wewe uliiona."

Sasa wale wa mnadani. Mmenipa jina, Madam Delete. Watoto wa shule wanalipaza nikipita. Niiteni! Niiteni hata kanisani! Nyinyi mnaonicheka, nusu yenu picha za watoto wenu ziko kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, na simu hiyo mnaenda nayo mtoni kufua.

Kamati ilitaka nijiuzulu kimya kimya. Nikawaambia siondoki. Nani mwingine anajua palipovunjika? Mkitaka, nifukuzeni kwa barua, na barua hiyo mtoe nakala tatu, moja mkaiweke mbali na ofisi. Mwenyekiti alijaribu kukasirika akaishia kucheka. Nipo mpaka leo.

Nimetembea boma kwa boma, miguu hii, nikiwapiga ng'ombe picha upya, kila mmoja na mwenyewe na jirani wawili wa kushuhudia. Wale walioongeza ng'ombe wa uongo kwenye simu waliniona nikiingia getini wakakimbia chooni.

Paswadi ya fundi sina tena, na sitaki. Yangu sasa inaweza kuandika na kusoma, kufuta haiwezi. Kufuta ni mimi na katibu pamoja, na ng'ombe aliyekufa hatumfuti siku hizi, tunaandika tu kwamba amekufa na tunamwacha apumzike humo. Nakala ya mashine haiandikwi juu ya ile ya jana, kila siku ina yake. Siku ya diski ni Jumatano, sio Ijumaa, na diski ina karatasi ya gundi niliyoandika kwa kalamu nyekundu: SI YA KWAYA. Kwaya walinuna. Wanune! Diski ya pili fundi anakaa nayo Migori mjini. Na stima, ile niliyoisingizia, tumeinunulia betri ya akiba, maana siku moja itachoma kweli.

Na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi tunafanya kitu ambacho wanachama wanakipenda kuliko mkutano. Tunachukua nakala, tunaiweka kwenye kompyuta kuukuu isiyo na kitu, halafu mtu yeyote anataja ng'ombe. "Fufua ile ndume ya baba mkwe!" Akitokea, wanapiga makofi. Asipotokea, hatuendi nyumbani. Mwezi wa kwanza hakutokea hata mmoja! Diski ilikuwa mbovu na hakuna aliyejua. Nakala ambayo hujawahi kuifufua usiniambie kwamba unayo.

Lakini hayo yote hayamrudishii Nyar Magunga yule wa majivu.

Nilikuwa na mtamba mmoja, mweupe mwenye madoa, niliyemlea mwenyewe tangu ndama. Nikamwambia mume wangu ninakompeleka. Aliguna, halafu akashika kamba akanisaidia kumtoa. Nilimpitisha mchana kweupe, barabara kuu, mbele ya lango la shemeji mtu, nikaimba na wimbo wa kambi kwa sauti ili atoke aone. Alitoka. Nikamsalimia vizuri sana.

Nyar Magunga alikuwa anapepeta mahindi. Nikamwambia nimeleta. Hakusema asante, na sikuitaka. Alimzunguka yule mtamba mara moja, akamshika sikio, akasema, "Moja si tatu."

"Najua," nikasema.

"Andika."

"Nitaandika nikifika ofisini."

"Hapana, nyaminwa. Andika hapa mbele yangu. Ofisi yako naijua."

Nikaandika. Kwa kalamu, kwenye daftari la mtoto wake, halafu kwa simu na picha, halafu kesho yake akaja mwenyewe ofisini akasimama nyuma ya kiti changu mpaka akaona jina lake kwenye kioo. Akataka karatasi tatu zenye muhuri. Nikamuuliza tatu za nini, kadi ni moja.

Akazikunja moja moja. "Hii ni ya mwalimu wa shule, atanitunzia. Hii nalala nayo. Na hii naenda nayo kwetu Magunga, mama aiweke chini ya chungu chake. Hapa wanaweza kuingia, wakachukua sanduku, wakachoma hata nyumba. Magunga hawafiki."

Hakusoma kompyuta mahali popote yule mama. Nilikaa na cheti changu ukutani miaka yote hiyo, na jambo lenyewe nimekuja kulielewa kwake.

Basi wewe unayesoma hapa ukitikisa kichwa, ukiniona mjinga, sina ugomvi na wewe. Cheka umalize. Halafu chukua hicho unachokitunza kwa ajili ya watu, rejista ya zahanati, majina ya wanafunzi, hati za shamba, chochote kile, ujiulize kikifutika leo saa tisa utamwambia nani ukweli kabla ya saa kumi. Na uniambie Magunga yako iko wapi.